Kila Nafsi na Mapumziko Yake

Katika mji wa Garissa, ambako jua la mwezi wa Februari huchomoza na ukali wake na kutua nao, na ambako mlango wa mwenye nyumba haujazoea kufungwa mbele ya jamaa wala mbele ya mgeni, suala la namna mtu apaswavyo kuutumia wasaa wake si suala la anasa. Wengi katika sisi huchoka, hupumzika, kisha hurejea kazini na uchovu uleule waliotoka nao, wakadhani kwamba mwili una maradhi au kwamba kazi yenyewe ina nuksi, ilhali kosa lao ni kutwaa mapumziko yaliyomfaa mtu mwingine. Nakusudia kusema na wasomaji wa hulka mbalimbali, wenyeji wa Garissa, Wajir na Mandera pamoja na wale walioletwa huku na kazi, juu ya namna ya kuitambua nafsi na kuipa haki yake ya raha pasipo kumvunjia mtu heshima.

Siku ya Jumatano, soko la mifugo la Garissa, ambalo limo miongoni mwa masoko makubwa ya ng'ombe katika Afrika Mashariki, hujaa watu na wanyama tangu asubuhi. Mtazame dalali: amesimama juani, kofia kichwani na bakora kwapani, baina ya mwenye ng'ombe aliyetoka mbali na mchuuzi aliyetoka Nairobi au Mombasa, ameushika mkono wa huyu chini ya kitambaa, vidole vikitaja bei ambayo macho ya watu hayatakiwi kuiona, na akiuachilia mkono huo hana budi kuushika wa mwingine. Vumbi limemkaa kooni. Kila anayepita anamwamkia, naye ni lazima arudishe maamkizi yote kwa ukamilifu wake, aulize habari za mvua na malisho, za watoto na wagonjwa. Soko likipwaya, dalali mmoja huelekea moja kwa moja mkahawani, akaagiza chai ya maziwa ya ngamia, akaketi na wenzake wakiisimulia upya kila biashara iliyofanyika na kila iliyovunjika, na akiinuka hapo uso umemnawiri na miguu imekuwa myepesi. Dalali wa pili, aliyefanya kazi ileile kwa ustadi uleule, akikaa katika mkahawa huohuo huondoka kichwa kikimgonga. Dawa yake ni kuushika ukingo wa mto Tana, akakaa chini ya mwembe wa shamba la jamaa yake, akayatazama maji mekundu yakipita, asiseme na mtu mpaka Alasiri. Hakuna katika wawili hawa aliye mvivu, wala mwenye kiburi, wala mgonjwa. Wametofautiana kwa umbile.

Maarifa ya tofauti hii ni ya kale. Wazee wa pwani, waliopokea tiba ya Kiyunani kwa mikono ya Waarabu, walishika kwamba mwili wa binadamu umechanganyika damu, safura, balghamu na sauda, na kwamba kinachozidi katika mchanganyiko huo ndicho kimpacho mtu mwenendo wake: huyu mwepesi wa furaha, yule mwepesi wa hasira, huyu mtulivu, yule mwenye fikra nyingi. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliueleza mpango huo kwa marefu na mapana katika kitabu chake cha Qanun. Tiba ya leo imeziacha habari za safura na sauda, wala haikukosea kuziacha, lakini ile busara iliyokuwamo ndani yake ingali hai, kwamba tabibu hana budi kumjua mtu kabla ya kumpa dawa.

Aliye karibu zaidi na jambo letu ni Imamu Al-Ghazali, ambaye mwaka 1095 aliiacha kazi tukufu ya kufundisha katika madrasa ya Nidhamia mjini Baghdad, akasafiri hadi Sham na kukaa faraghani. Katika Ihya Ulum al-Din aliweka kitabu kizima juu ya kujitenga na watu, na lililo bora kuliko yote humo, kwa maoni yangu, ni kwamba hakutoa hukumu moja kwa wanadamu wote: alizipanga faida za kujitenga, akazipanga na faida za kuchanganyika, kisha akaonyesha kuwa hukumu hubadilika kwa kadiri ya mtu, na hali yake, na wale anaochanganyika nao. Ilipita zaidi ya miaka mia nane ndipo Carl Jung, tabibu wa nafsi wa Uswisi, alipochapisha, mwaka 1921, kitabu chake cha aina za nafsi, akawagawa watu katika wale ambao nguvu zao huelekea nje, kwa watu na mambo, na wale ambao nguvu zao huelekea ndani, kwa fikra na dhamiri. Mwaka 1967 mwanasaikolojia Hans Eysenck, aliyefanya kazi yake Uingereza, alitaka kulieleza jambo hilo kwa habari za ubongo, akasema kwamba ubongo wa mkimya huamshwa upesi na mambo ya nje, ndiyo sababu hushiba kelele mapema, na ubongo wa mchangamfu hukawia kuamka, ndiyo sababu huzitafuta. Wataalamu waliofuata wameiona tofauti hii kuwa mizani yenye daraja nyingi, na wanadamu walio wengi husimama karibu na katikati yake. Kwa hiyo asije mtu akajipachika jina la mkimya au mchangamfu na kulifanya udhuru wa kila jambo.

Basi utajijuaje? Usijiulize unapenda nini, kwa kuwa yako mambo mengi tuyapendayo yanayotumaliza, bali iangalie hali yako asubuhi ya pili. Ukihudhuria harusi ya jamaa, ukala, ukacheka, ukapongeza, kisha ukaamka na hamu ya kazi, ulishibishwa na watu. Ukiamka mzito, huna neno la kumwambia hata mkeo au mumeo, basi furaha ile ilikuwa ya kweli lakini ilikuwa gharama, na gharama hiyo yataka kulipwa kwa kimya. Wala usichanganye haja ya kimya na haya. Mwenye haya huwaogopa watu hali anawatamani. Mkimya wa tabia aweza kuwa khatibu hodari mbele ya halaiki, au mwalimu anayependwa na darasa zima, kisha akahitaji saa zake peke yake ili awe tena vile alivyokuwa.

Huyu mkimya ndiye mwenye shida kubwa zaidi katika nchi hii, na kwa ajili yake sina haraka. Ustaarabu wa Kisomali umejengwa juu ya jamaa na takrima. Mjomba akitoka Modogashe hapangi nyumba ya wageni. Hufikia kwako, na watoto wake watatu, na jirani yake aliyekuja kutafuta daktari, na kuwapokea kwa bashasha ni wajibu ambao mimi siudharau hata chembe, kwani ndio uliowaokoa watu wa hapa katika ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023, mvua zilipokosa misimu mitano mfululizo na mifugo ikafa, na waliokuwa wametajirika kwa ngamia wakategemea sahani ya ndugu. Lakini katika nyumba hiyo yumo pia kijana ambaye nafsi yake hukauka kwa maneno mengi, naye akijitenga pembeni huulizwa nani amemuudhi, na akiomba tena nafasi huambiwa ana majivuno. Nafahamu vijana walioichukia nyumba yao wenyewe kwa sababu hii, na hakuna aliyewakosea.

Nasaha yangu kwake ni kwamba asiilete faragha kama uasi. Aitafute katika milango ambayo mila na dini zimekwisha kuifungua. Sura ya Nur imetaja nyakati tatu ambazo hata watoto na watumishi wa nyumbani hutakiwa kuomba ruhusa kabla ya kuingia: kabla ya sala ya alfajiri, wakati wa adhuhuri watu wanapovua nguo zao kwa joto, na baada ya sala ya Isha. Haki ya mtu kuachwa basi haikuletwa juzi na wageni. Wakati wa pili katika hizo ndio wa kailula, usingizi wa mchana, na Garissa ni mji unaoiheshimu kailula kwa lazima, maana kati ya Adhuhuri na Alasiri maduka mengi hupunguza kazi na barabara hubaki na punda na mbuzi. Mkimya asiupoteze wakati huo kwa simu wala kwa porojo. Akilala, alale; asipolala, ajilaze tu juu ya mkeka, chumba kimefungwa pazia, na asihesabu kwamba amekosa kitu. Mlango mwingine ni msikiti baina ya Magharibi na Isha, ambako aliyeketi kimya pembeni hasumbuliwi na mtu. Na Ramadhani inapofika kumi la mwisho, itikafu, yaani kukaa msikitini kwa ibada, humpa faragha ya siku kumi ambayo jamaa zake wataitaja kwa fahari badala ya kuilaumu.

Uko pia mto. Kando ya Tana, chini ya mji, kuna mashamba ya migomba, miembe, matikiti na vitunguu, na kuna wavuvi wa Kimunyoyaya wanaojua kukaa na mshipi saa nyingi pasipo neno. Atakayeomba kufundishwa uvuvi nao atajifunza kazi mbili kwa pamoja. Tahadhari nayo ni wajibu: Tana ina mamba na viboko, na mwaka 2023 mafuriko ya Novemba yaliikata barabara ya kuingia mjini, kwa hiyo mtu asikae penye ukingo mtupu wakati wa jioni, wala asiingie majini kwa kuwafuata wenyeji wa mto. Asiyependa mto na aende Bour-Algi, kusini mwa mji, ambako twiga hutembea karibu na vijiji, wala hawamkimbii mtu aliyesimama kimya. Na mwenye akraba wafugaji aombe kwenda machungani wiki moja baada ya mvua za Gu, yaani masika, ngamia wanapokuwa na maziwa, aende nyuma ya kundi akisikiliza kengele ya mti ikilia shingoni mwa ngamia wa mbele, anywe kutoka kibuyu kilichofukizwa moshi, na arudi. Hakuna mzee atakayesema kwamba amekimbia watu. Watasema amekwenda kuijua mali.

Jambo la mwisho kwake ni ulimi. Kunyamaza pasipo maelezo huwaumiza wengine, na neno dogo lenye adabu huwatosha. Amwambie mjomba wake, "Abti, niwie radhi, kichwa kimejaa leo, nipe ruhusa nijinyooshe kidogo, na baada ya Alasiri niko nawe mpaka Isha." Kisha ahadi hiyo aitimize barabara, kwa kuwa mkimya anayerudi kwa wakati aliousema huaminiwa mara ya pili, na asiyerudi hufungiwa mlango.

Nageukia mama wa nyumba, ambaye mara nyingi hatuulizi hata kama ana hulka. Mwanamke mchangamfu hupata raha yake katika kazi zenyewe: wanawake wanaouza maziwa ya ngamia hukaa safu moja tangu asubuhi, na maneno yao huenda sambamba na maziwa, katika harusi kuna buraanbur, ushairi wa wanawake, unaoimbwa na mmoja na kuchezwa na wengine, na jioni kuna hina na ubani. Mwanamke mkimya hayo yote kwake ni kazi juu ya kazi. Amepika anjera kabla ya jua, amewaandalia wageni, amewatuliza watoto, na wote wakilala ndipo huketi peke yake jikoni na kikombe cha chai iliyopoa, usingizi ukimwita naye akiukataa, kwa sababu hiyo ndiyo saa pekee aliyobakiwa nayo kuwa yeye. Mume anayeiona taa ya jikoni usiku wa manane asimlaumu kwa kukesha. Siku ya Ijumaa baada ya sala awachukue watoto wote, pamoja na wale wa jirani, awapeleke kwa ayeeyo, yaani bibi yao, au shambani, na asirudi mpaka Magharibi. Zawadi hiyo haigharimu shilingi, na sijui iliyo kubwa kuliko hiyo.

Mchangamfu akiwa kwao Garissa hahitaji mshauri, kwani mji mzima ni baraza lake: anayo mikahawa ya chai ambako wanaume hubishana siasa kutoka Mogadishu hadi Nairobi, jambo ambalo Wasomali huliita fadhi-kudirir, yaani kupigana hali mmeketi, anao mchezo wa shax, unaochorwa mchangani na kuchezwa kwa vijiti na mawe, nao wachezaji wawili huweza kuwa na washauri kumi, anao uwanja wa mpira. Taabu yake huanza anapoajiriwa mbali. Mwalimu aliyezaliwa Kakamega au Kisii, akapangiwa shule ya Hulugho, au muuguzi aliyepelekwa Liboi mpakani, hufika mahali ambapo lugha ya barazani haijui, na jioni hujifungia na mshahara wake na posho ya mazingira magumu, akahesabu miezi ya kuomba uhamisho. Wakati wa ukoloni maafisa wa Kiingereza waliowekwa Wajir, mamia ya kilomita kutoka baharini, walijijengea klabu wakaiita klabu ya mashua, nayo ikajulikana kama Royal Wajir Yacht Club; yafaa kuliona jambo hilo kwa jicho la huruma, kwamba watu waliozoea kukusanyika, wakikosa mkusanyiko, huuzua hata jangwani. Lakini walikosea kuuzua baina yao wenyewe tu. Wewe mwalimu, tafuta mkahawa mmoja, uende huo huo kila siku saa ile ile, uketi nje na wala si ndani, ujifunze maamkizi ya Kisomali kwa ukamilifu, nabad na majibu yake, na uombe ufundishwe shax. Utafungwa mara nyingi, na kila utakapofungwa utakuwa umepata rafiki. Mwezi wa Ramadhani, hata kama wewe si Mwislamu, usikatae mwaliko wa futari, kwani hakuna saa katika mwaka mzima ambayo mgeni huwa jamaa kwa wepesi kama hiyo.

Wako na wengine ambao hawashibi kwa watu wala kwa kimya, bali kwa kazi ya mikono. Hao ni rahisi: mpe huyo mkeka wa kusuka, redio ya kutengeneza, au matuta ya mchicha, wala usimwambie akae atulie.

Yapo mapumziko ya uongo, na ya kwanza ni miraa. Hushuka kila siku kutoka vilima vya Nyambene, Meru, kwa magari yaendayo mbio, kwa sababu majani hayo yakinyauka hupoteza nguvu zake, nao wengi hujipa imani kwamba kutafuna pamoja ndiyo kupumzika. Nimeona kwamba kila hulka huingia humo kwa mlango wake. Mchangamfu hutafuna ili kikao kisivunjike. Mkimya hutafuna ili apate ulimi wa kukaa na watu ambao kwa kweli alihitaji kuwaepuka. Wote wawili huamka na usingizi uliokimbia, chakula kisicho na ladha na mfuko mwepesi, wala hapana aliyepata alichokitafuta, kwani wa kwanza alitaka watu akapata maneno, na wa pili alitaka amani akapata kelele ndani ya kichwa chake mwenyewe. Simu ni ya pili. Kwa mkimya huleta umati chumbani, na kwa mchangamfu huleta sura za watu pasipo watu.

Sina budi kusema pia juu ya siku ya tarehe 2 Aprili 2015, washambuliaji walipoingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri na kuwaua watu 148, wengi wao wanafunzi. Baada ya hapo serikali iliweka amri ya kutotoka nje katika Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, tangu saa kumi na mbili na nusu ya jioni hadi saa kumi na mbili na nusu ya asubuhi. Mji uliokuwa ukipumua usiku ulifungiwa majumbani wakati ule ule uliohitaji kupumua. Mchangamfu alinyang'anywa baraza lake. Mkimya alibanwa katika chumba kimoja na aila nzima, hana pa kulilia. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016, na waliorudi walirudi kila mmoja na njia yake ya kubeba yaliyopita: wako waliohitaji kuyasimulia tena na tena, na wako waliohitaji kukaa na mtu ambaye hatauliza kitu. Kwa hiyo ukienda kumpa mtu mkono wa pole, usimlazimishe kusema na usimlazimishe kunyamaza. Keti, na umwache aongoze. Akitaka watu, mletee. Akitaka kuachwa, mwache, lakini mlango wa nyumba yako ajue uko wazi. Na iko alama moja ambayo kila mtu wa karibu yampasa aiangalie: faragha inayoponya humrudisha mtu kwa wenzake, na ile ya ugonjwa humzuia. Akiona wiki zinapita, usingizi hauji, chakula hakimvutii, na upweke hauishi hata akipewa watu, hilo si suala la hulka tena. Apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Garissa au kituo cha afya kilicho karibu, kama apelekwavyo mwenye homa, bila haya.

Nimalizie kwa wale wanaokaa nyumba moja hali tabia zao hazifanani, wawe mume na mke, au walimu watatu wa kituo kimoja cha mbali waliogawana vyumba viwili. Msiyaache mambo haya kwa kukisia. Ketini siku moja, kabla hamjaudhiana, kila mmoja aseme saa gani anataka watu na saa gani anataka kimya, kisha mpatane: kwa mfano, tangu Adhuhuri mpaka Alasiri hapigwi redio na haletwi mgeni chumba cha kulala, baada ya Isha chai hunywewa pamoja, na mkimya asiikimbie, wageni wa ghafla hupokelewa na yule ambaye zamu ni yake, na mwenzake hutoka kuamkia, akakaa kitambo cha heshima, akaomba radhi. Andikeni kama mkitaka. Na mkiona mapatano hayatoshi, muyabadilishe baada ya mwezi, kwani mtu wa miaka ishirini na tano asiyetosheka na kelele aweza akifika arubaini kuwa wa kwanza kuomba pazia lifungwe.